Mwaka Niliolishwa na Kalunde

Siku ya tatu ya matanga ya Kalunde, mjukuu wake mmoja wa kike alinishika mkono wa kuume akaugeuzageuza kama mnunuzi anayekagua embe sokoni. "Bibi Tatu," akaniuliza, "huu mkono wako ulipatwa na nini?" Tulikuwa uani, wanawake, tunachambua mchele wa hitima. Kabla sijafungua kinywa, Mzee Shabani, mume wa marehemu, aliyekuwa ameegemea ukuta karibu nasi, macho mekundu kwa kulia, akajibu badala yangu: "Ni mimi niliyeukunja, mjukuu wangu." Mikono ikasimama juu ya nyungo. Nikamwambia, "Acha hayo, Shabani, leo si siku yake." Akanyamaza, na wenzangu nao wakarudi kwenye mchele wao kwa adabu, kana kwamba hawakusikia. Lakini njia nzima ya kurudi kwangu neno lile lilinisumbua, kwa sababu si la kweli, au ni kipande tu cha kweli, na aliyeijua iliyobaki tumemzika Jumanne. Nimebaki mimi. Basi nitausimulia mwaka ule kama ulivyokuwa, wajukuu wa Kalunde wausome wakitaka.

Ya kwetu na ya wazazi wangu nayaacha, maana hayahusiki. Naanzia chumbani. Mimi na Kalunde tulipanga chumba kimoja mtaa wa Mtendeni, nyumbani kwa Bi Zuwena, mjane wa Kiarabu ambaye babu yake alikuja na misafara ya pembe za ndovu, akaoa hapahapa, akazikwa hapahapa. Nyumba yenyewe ilikuwa ya zamani zile, mlango wa mbele mzito wa nakshi, kuta za nje nene kiasi cha mtu kukaa dirishani na miguu yake. Ndani, hata hivyo, vyumba vya wapangaji vilikuwa vimekatwakatwa kwa kuta za udongo ambazo hazikufika kwenye dari, kwa hiyo aliyekohoa chumba cha kwanza alipewa pole chumba cha mwisho. Tulikuwa na mkeka mmoja, sanduku moja la bati na taa moja ya chemli. Kalunde alikuwa Mnyamwezi wa upande wa Sikonge, mrefu, mweusi wa kung'aa, na alikuwa na tabia ya kusema jambo zito akiwa anafanya jambo jepesi, kama kuchagua mchele au kufunga kilemba, hivi kwamba ulihitaji muda kutambua kuwa umeambiwa kitu.

Sote wawili tulifanya kazi kiwanda cha nta, upande wa stesheni. Lilikuwa ghala kuukuu la bati ambalo serikali ilikuwa imelichukua kutoka kwa mwenyewe, ikatuambia kwamba sasa ni letu sote. Tuliamini, na mpaka leo siamini kama tulikosea kuamini. Masega makavu yalikuja kwa malori na baiskeli kutoka misituni. Tuliyayeyusha kwa maji ndani ya mapipa makubwa yaliyokalia moto wa kuni, tukayachuja kwa magunia, na kile kilichotoka, cha manjano na cha moto kuliko uji, tukakibeba kwa ndoo hadi upande wa pili wa ghala kukimimina kwenye kalibu, vyombo vya kukiumbia vipande, kigande. Harufu yake ilikuwa tamu mno. Nyuki wenyewe walitufuata mpaka barabarani jioni. Sakafu, kwa ajili ya maji na matone ya nta, iliteleza kama kambale. Ndiyo maana ukutani palikuwa na kibao kilichosema ndoo ya nta ibebwe na watu wawili, na kila jozi ilikuwa na mti wake wa kupitisha kwenye mpini, mmoja mbele, mmoja nyuma. Mti wangu na Kalunde ulikuwa wa mninga, umelainika kwa viganja vyetu.

Shabani alikuwa msimamizi wetu. Alikuwa kijana bado, mwenye sauti ya upole isiyofaa kwa usimamizi, na mahari ya Kalunde ilikwisha kupokelewa Sikonge. Siku za Ijumaa alikuja kula kwetu, akileta samaki wakavu au mafungu ya michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, naye Bi Zuwena alikaa ukumbini mlango wazi ili watu wasipate la kusema. Kiangazi kile masega yaliingia mengi kuliko kawaida, na behewa lilikuwa linangojwa kwenda Dar es Salaam. Meneja alishuka ghalani kila saa, anaangalia saa yake, anamwambia Shabani jambo sikioni, anaondoka. Siku ya pili ya hayo Shabani akapiga makofi kutuita. "Jamani, wekeni miti pembeni. Kila mtu na ndoo yake, mpaka behewa liondoke." Alilisema huku akiangalia kibao cha ukutani, si sisi. Hakuna aliyekataa. Tuliona ni fahari kidogo, kusema kweli, kwamba tunaweza.

Nilianguka siku iliyofuata, karibu na kalibu. Nilikuwa nimevaa kandambili, kama wote, maana viatu vya kazi tulivyoahidiwa tulivisikia tu. Mguu ulikwenda kwake, na mimi nikaenda kwangu, na katika kujishika nikaupeleka mkono wa kuume ndani ya kile nilichomwaga. Sikusikia maumivu papo hapo. Nilichokiona ni glavu ya manjano, nzuri, inaganda juu ya mkono wangu mpaka karibu na kiwiko. Mtu akapiga kelele ibanduliwe, mwingine akataka majivu. Kalunde, aliyekuwa nyuma yangu, alitua ndoo yake, akanikamata kiunoni, akaniburuta hadi pipa la maji ya kisima na kuuzamisha mkono wote. "Asiiguse mtu!" alisema. "Asiiguse mtu!" Hospitalini daktari alituambia kwamba maji yale ndiyo yaliyoniachia mkono wa kuitwa mkono. Waliitoa ile nta kidogo kidogo, siku baada ya siku, na ilitoka na ngozi yake.

Niliporudi Mtendeni nimefungwa bendeji kama mwiko uliovishwa kitambaa, ndipo nilipojua mkono wa kuume hufanya kazi ngapi. Sikuweza kufunga kanga, kusuka nywele wala kutawadha. Na kula, kubwa kuliko yote. Nilikuwa nimelelewa nikijua mkono wa kushoto haugusi chakula, na ingawa Bi Zuwena alinifundisha mwenyewe, "Mwenye dharura Mwenyezi Mungu hamlaumu, mwanangu, shika kijiko," siku za kwanza nilikataa, nikalala na njaa na kiburi changu. Kalunde hakubishana nami. Alitoka kazini ananuka moshi na asali, akapika, akanawa, akakaa mbele yangu, akamega tonge, akalichovya kwenye mlenda, akaliweka mdomoni mwangu. Halafu akamega la kwake. Moja langu, moja lake, mpaka sahani ikaisha. Nililia siku ile ya kwanza nikiwa na ugali mdomoni. Akaniambia, "Tafuna kwanza. Utalia ukishameza." Alinilisha hivyo miezi, na hata tulipokuwa vikongwe, tukikutana arusini au msibani, tonge la kwanza alinipa yeye, watu wakacheka wakadhani ni mzaha wa uzee.

Dresa, mfunga vidonda wa hospitali, alimwonyesha Kalunde jambo moja zaidi. Vidonda vikianza kufunga, alisema, ngozi mpya itavuta vidole kama uzi unavyovuta kitambaa kibovu, na visiponyooshwa kila siku vitajikunja vibaki ngumi. Basi kila alfajiri kabla ya kazi na kila jioni baada ya kazi, Kalunde alipaka mafuta ya nazi viganjani, akaukalisha mkono wangu pajani mwake, akafungua kidole kimoja kimoja. Nimezaa watoto wanne, na bado naweza kusema maumivu yale hayakuwa na ndugu. Nilimtukana kwa Kiswahili na kwa Kinyamwezi cha kuokoteza alichonifundisha mwenyewe. Yeye aliimba taratibu kwa kwao, "Mayu, mayu," yaani mama, mama, na mara nyingine nilipofumbua macho niliona machozi yake yanashuka bila yeye kuacha kuvuta.

Wiki hizo ndipo neno likaja kutoka kiwandani. Nilijua kuna sheria ya fidia kwa mfanyakazi aliyeumia kazini. Mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi, mzee mmoja mpole wa kupima mizani, alikuja kuniambia mwenyewe nisihofu. Alirudi baadaye uso umemshuka. Meneja alikuwa amesema kwamba niliumia kwa ukaidi wangu. Amri iko ukutani, watu wawili kwa ndoo moja, na mimi nilibeba peke yangu, tena na kandambili. Mkaidi hana fidia, na mkaidi hana kazi ya kurudia. Kutakuwa na mkutano. "Labda apatikane wa kusema kwamba mliambiwa vingine," mzee alisema, akatazama chini. Alijua kama tulivyojua ni nani aliyetuambia.

Shabani alikuja siku ya Jumapili, mchana wa jua kali. Mimi nilikuwa chumbani, wao ukumbini, na ukuta ulikuwa ule ule usiofika darini.

"Kalunde, ukisimama ukanitaja mbele ya watu, umenimaliza."

"Sitakutaja wewe. Nitataja maneno yako."

"Si ndiyo mamoja?"

"Basi ni mamoja."

Nikasikia Bi Zuwena akipeta mchele uani, akipeta kwa nguvu isiyo ya lazima. Kisha sauti ya Shabani tena, chini: "Meneja alinisukuma. Wewe mwenyewe ulimwona."

"Nilimwona. Nenda kaliseme hilo. Nitakuwa nyuma yako."

"Nikilisema nafukuzwa kazi. Na harusi?"

"Harusi haina miguu, haitakimbia. Itatungoja."

"Na kama sitangoja mimi?"

Nikasikia mlango mzito unafunguka na kufungwa. Baada ya muda Kalunde akaingia na sahani ya ugali na kisamvu cha karanga, akakaa, akanawa, akamega. Nikamwambia nimesikia yote. "Kwa kuta hizi," alisema, "usingesikia ningejua umekufa. Fungua mdomo." Nikamwomba asiseme. Nikamwambia mkono wangu umekwisha haribika, hata aseme nini hautarudi, basi ya nini kuharibika na ndoa yake juu yake, hasara mbili kwa ajali moja. Alilishika lile tonge hewani muda mrefu mpaka mchuzi ukamtiririkia kifundo cha mkono. "Nikinyamaza, Tatu," alisema, "kesho nitakulishaje? Nitakutazama wapi?" Akaniwekea tonge mdomoni, mazungumzo yakaisha.

Mkutano ulifanyika ndani ya ghala, watu wamekaa juu ya magunia, mapipa yamezimwa. Mimi nilikaa mbele, mkono umeninginia kwenye kanga. Meneja alizungumza vizuri, na namtendea haki kwa kusema hivyo. Alisema ananisikitikia kama binti yake, lakini kiwanda ni cha umma na fedha ni za umma, na hawezi kuzitoa kwa mtu aliyevunja amri inayosomeka. Akakionyesha kibao. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno. Nyuki mmoja alikuwa anagonga bati juu, tunamsikiliza sote. Kalunde akasimama.

"Mimi nilikuwa nyuma yake," alisema. "Na mimi nilikuwa na ndoo yangu peke yangu. Siku ile na siku ya kabla yake. Miti ya kubebea ilikuwa pale pembeni, ilipo sasa hivi. Tuliambiwa tuiweke."

"Nani aliwaambia?" meneja aliuliza.

"Msimamizi wetu."

"Huyu Shabani? Si ndiye mchumba wako?"

"Ndiye."

Mtu akaguna, na mguno ukafa. Mwenyekiti akamgeukia Shabani, akamuuliza kwa upole kama ni kweli. Shabani alikuwa amesimama karibu na kalibu, mahali palepale nilipoangukia. Alifungua mdomo, akamtazama meneja, akatazama miguu yake. "Sikumbuki," alisema. Neno moja. Niliona bega la Kalunde linashuka, kidogo sana, kama mtu aliyetua mzigo vibaya. Akakaa. Mama Sikujua, mwenzetu wa kukamua magunia, ambaye kwa umri angeweza kutuzaa wote, akasema bila kusimama, "Mimi nakumbuka. Ila mimi ni mzee, najua mtasema nimesahau." Watu wakacheka kwa woga, na mkutano ukaahirishwa bila uamuzi.

Kilichotokea baadaye sikukiona mimi. Nilikisikia kwa Bi Zuwena. Jioni ya siku ile mimi na Kalunde tulikuwa chumbani kwenye kazi yetu ya vidole, na kwa sababu ya joto tuliuacha mlango wazi. Shabani alikuja na mzigo wa kuni begani, pengine kuomba radhi, pengine kugombana, mwenyewe hajapata kuniambia. Alifika ukumbini wakati Kalunde anafungua kidole cha kati, ambacho kilikuwa kibaya kuliko vyote. "Alisimama pale," Bi Zuwena alisema, "nikamwambia karibu, hakunisikia. Anakuangalia wewe unavyouma kanga, anamwangalia mwenzio anavyovuta huku analia. Alisimama na kuni zake mpaka nikadhani amegeuka nguzo. Kisha akazitua polepole zisilie, akaondoka. Wala hakuaga, na kijana yule ana adabu." Tulizikuta kuni ukumbini asubuhi. Kalunde aliziruka kwenda kazini kana kwamba ni kinyesi cha mbuzi.

Asubuhi hiyo hiyo Shabani alikwenda kwa mwenyekiti, akamwambia, "Nimekumbuka." Akasema yote, lile lake na lile la meneja, na akalirudia mbele ya afisa wa kazi aliyekuja kutoka wilayani. Meneja alihamishwa. Shabani hakufukuzwa, ila usimamizi alivuliwa, akapelekwa kuchochea moto chini ya mapipa. Fidia yangu ikakubaliwa baada ya daktari kuupima mkono na kusema umepungua kiasi gani. Sitasahau kuusikia mkono wangu ukisemwa kwa mafungu, kama shamba linalogawanywa. Bi Zuwena alinishauri ninunue bangili ya dhahabu, maana dhahabu haiozi. Nilinunua vitanda viwili vya kamba na magodoro ya sufi. Kalunde alijinyoosha juu ya kile chake, akasema, "Sasa utanikoromea kwa mbali," na usiku wa kwanza tukalala wote wawili kwenye kimoja kwa mazoea.

Lakini kwa Shabani moyo wa Kalunde ulikuwa umefungwa. Sikumdhani Kalunde kuwa mtu wa kinyongo, na haikuwa kinyongo. Aliniambia siku moja akichambua mlenda: "Kukosea hakunishtui. Mtu akisukumwa huanguka. Lakini aliulizwa, Tatu, na wewe ukiwa umekaa pale, na mkono wako umekaa pale." Mahari haikurudishwa wala harusi haikutajwa. Ijumaa zikapita bila samaki.

Habari za Shabani nililetewa na Mama Sikujua, aliyekuja kunitazama na kopo la asali na umbea. Alisema mchochea moto amechanganyikiwa: jioni anashinda mtaa wa Kanyenye kwa fundi wa mabati, anapasua madebe. Kumbe alikuwa anatengeneza mfereji wa bati, utoke kwenye tundu la pipa ushuke mpaka kwenye kalibu, ili nta ijipeleke yenyewe na mtu asibebe kitu. Siku ya kuujaribu ulifanya kituko. Nta ilishuka hadi katikati ikapoa, ikaganda, ikatoa ulimi kama wa ng'ombe aliyechoka, na wanawake wakacheka mpaka wakakaa chini. Alicheka nao, Mama Sikujua alisema, kisha akaubeba akarudi nao kwa fundi. Mara ya pili aliuinamisha zaidi na kuuvika bati jingine, katikati akapitisha maji ya moto. Ulivuja huku na huku, lakini nta ilifika. Kalunde, aliyekuwapo siku zote hizo, hakuwa amenisimulia hata moja. Nilipomwuliza alisema, "Ndiyo, unafanya kazi," akaendelea kushona.

Mvua zilipoanza nilirudi kiwandani. Vidole vyangu viwili vilinyooka, viwili vilibaki nusu njia, na cha mwisho kilijikunja kikakataa kabisa, kama kilivyo leo. Nilipewa kazi ya kupiga mhuri vipande vya nta kwa mkono wa kushoto. Niliuona ule mfereji kwa macho yangu, na ile sakafu kavu chini yake, nikasimama pale hadi nikaambiwa ninazuia njia. Shabani alikuwa ameinama kwenye moto.

Ijumaa ya kwanza baada ya hapo, Kalunde alikuwa uani anasonga ugali wa mtama, na kwenye jiko la pili palikuwa na uyoga wa msituni kwa karanga, mimi nimeshika kijiko changu tayari. Mlango mzito ukagongwa. Bi Zuwena akafungua, nikasikia, "Shikamoo, Bi Zuwena," na "Marahaba, mwanangu, ulipotelea wapi?" na Shabani akatokea uani, amelowa mvua, mikono mitupu. Kalunde alimpa mgongo, akaendelea kusonga. Wakati ule watu walikuwa wamezoea kunisalimu kwa kunigusa bega au kunishika mkono wa kushoto, wanaogopa kuniumiza, wengine wanaogopa kuona. Shabani alichuchumaa mbele yangu, akanyoosha mkono wake wa kuume, akaushika wangu wote, vidole vilivyonyooka na visivyonyooka, akabaki ameushika. Viganja vyake vilikuwa na malengelenge ya moto.

"Tatu," alisema, "siku ile niliposema sikumbuki, nilikuwa nakumbuka."

"Najua."

"Niwie radhi."

Nilitaka kumtazama Kalunde kwanza, nijue nijibu nini, lakini nikaona mkono ni wangu. "Nimekuwia radhi," nikasema. Hakuinuka. Mvua ilikuwa inadondoka kutoka kwenye mabati, Bi Zuwena amesimama mlangoni hapumui. Mwiko ukasimama ndani ya sufuria, kisha ukaendelea. Bila kugeuka, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiulizia chumvi, Kalunde akasema:

"Tatu, mwambie huyo mtu anawe mikono. Ugali unapoa."